TDR chanya haimalizi uchunguzi: muuguzi wa Kasongo na Kabambare mbele ya homa ya uti wa mgongo



Leo naandika juu ya kosa moja ambalo wengi wetu tumelifanya, na mimi nimo. Mama mmoja alikuja asubuhi na mtoto wa miezi 10 mgongoni. Akasema: "Muganga, mutoto iko na homa tangu juzi. Nikimubeba analia, nikimulalisha ananyamaza. Tangu usiku hataki kunyonya." Tukafanya TDR, ikatoka chanya. Tukaandika malaria, tukatoa dawa, tukamwambia mama arudi kama hali haibadiliki. Alirudi kesho yake. Mtoto alikuwa anatetemeka upande mmoja, macho yameenda juu, utosi umevimba. Mungu alisaidia, hakufa. Lakini leo mama akimwita kwa nyuma hageuki, kwa sababu hasikii.

Kituo sitakitaja, na sitafuti wa kulaumu. Ninachotaka ni turudi pamoja kwenye ile asubuhi ya kwanza, maana mama alikuwa ametuambia ugonjwa na sisi hatukumsikia. Mtoto mwenye homa ya kawaida akibebwa anatulia. Mtoto ambaye utando wa ubongo wake umewaka akibebwa anaumia, kwani ukimwinua unakunja shingo na mgongo wake. Ukimlaza bila kumgusa, anapata nafuu. Ile sentensi ya mama pekee ilitosha kutufanya tuweke mkono kwenye utosi na kwenye shingo. Hatukuweka, sababu TDR ilikuwa imeshatupa jibu.

KWA NINI KWETU MENINJITE INAJIFICHA

Homa ya uti wa mgongo, au meninjite kama tunavyoiita kila siku, ni uvimbe wa utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Ile ya hatari zaidi inaletwa na bakteria: meningokoki, pneumokoki, na kwa watoto wadogo Haemophilus aina ya b. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba kati ya watu 6 wanaoshikwa na meninjite ya bakteria, 1 anakufa, na kati ya 5, 1 anapata madhara makubwa: uziwi, kifafa, kupooza, akili kurudi nyuma.

Sasa tuseme ukweli wa kwetu. Kusini mwa Maniema malaria iko mwaka mzima. Watoto wengi wanatembea na vimelea kwenye damu na wanacheza mpira bila shida. Tena TDR nyingi tunazotumia zinatafuta protini ya kimelea inayoitwa HRP2, ambayo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa hata baada ya mgonjwa kutibiwa vizuri. Kwa hiyo TDR chanya inasema tu: huyu ana malaria, au alikuwa nayo wiki kadhaa nyuma. Haisemi kwamba hana kitu kingine.

Ugumu wa pili ni kwamba malaria ya ubongo na meninjite zinafanana sana: homa, degedege, kuzimia. Hata muganga mwenye miaka 20 ya kazi hawezi kuzitenganisha kwa macho tu mbele ya mtoto aliyezimia. Ndiyo maana kanuni ni moja: mgonjwa mwenye homa na dalili za ubongo anatibiwa magonjwa yote mawili mpaka maji ya uti wa mgongo yatoe jibu.

Kwa mtu mzima kuna mtego mwingine. Eneo letu linajua ugonjwa wa malale tangu zamani za ukoloni, na malale nayo inafika kwenye ubongo. Lakini inakuja polepole, kwa miezi: mtu anasinzia mchana, usiku halali, tabia inabadilika, tezi za shingo zinavimba. Meninjite ya kifua kikuu, na ile ya kriptokoki kwa mwenye VVU, zinakuja kwa siku nyingi au wiki. Ile ya meningokoki inahesabiwa kwa saa. Kwa hiyo swali "ilianza lini, na ilianza namna gani?" lisiulizwe kwa haraka ili kujaza tu karatasi.

DAKIKA 10 ZA UCHUNGUZI

Vitu vingi vya uchunguzi huu havihitaji umeme wala maabara. Vinahitaji mikono, macho na saa.

1. Fahamu. Kwa mtu mzima na mtoto mkubwa tunatumia Glasgow: macho pointi 4, sauti 5, mwendo 6, jumla 15. Akifika 8 au chini, hawezi kulinda njia yake ya hewa. Usimwache peke yake hata dakika moja. Kwa mtoto ambaye bado hasemi tunatumia Blantyre, iliyotengenezwa kwa wenzetu wa Malawi kwa ajili ya watoto wenye malaria kali. Inaanzia 0 hadi 5, na 2 au chini ni koma. Usiandike "amechoka" au "hali si nzuri". Andika namba na saa, ili wa zamu ya usiku ajue kama mgonjwa anapanda au anashuka.

2. Shingo. Mlaze chali bila mto. Weka mkono chini ya kichwa, inua polepole mpaka kidevu kielekee kifua. Ikikataa, au akikunja uso kwa maumivu, umepata. Ukiinua kichwa na magoti yakajikunja yenyewe, hiyo ni alama ya Brudzinski. Ukikunja paja mpaka pembe ya 90 kisha ukashindwa kunyoosha goti kwa sababu ya maumivu, hiyo ni Kernig. Mtoto anayeelewa, mwambie tu: "Angalia kitovu chako." Anayeshindwa anakuonyesha jibu. Lakini shikeni hili: shingo laini haiondoi meninjite, hasa kwa mtoto wa chini ya mwaka 1 na kwa mzee.

3. Utosi. Mguse mtoto akiwa amekaa wima na ametulia. Mtoto anayelia utosi unapanda hata kama ni mzima.

4. Ngozi. Meningokoki inaweza kuleta madoa madogo ya damu. Kwenye ngozi yetu nyeusi hayaonekani haraka. Tafuta kwenye viganja, kwenye nyayo, ndani ya kope, na juu ndani ya mdomo. Bonyeza kwa glasi safi: doa la damu halipotei. Ukiyaona pamoja na mikono baridi, na damu inachukua zaidi ya sekunde 3 kurudi kwenye kucha uliyobonyeza, huyo yuko hatarini sana.

5. Vipimo vya kawaida: joto, mapigo, pumzi, presha, oksijeni kama kifaa kipo, na sukari ya damu. Ufafanuzi wa kesi inayoshukiwa ni rahisi: homa ya ghafla, 38 au zaidi chini ya kwapa, pamoja na shingo ngumu, au fahamu kubadilika, au alama nyingine ya utando wa ubongo, kwa mtoto mchanga, utosi uliovimba.

6. Maswali: degedege ngapi, kila moja ilidumu muda gani? Anatapika kila kitu? Ameshapewa dawa gani, pamoja na dawa za kienyeji na zile za famasi ya barabarani? Chanjo? Nyumbani kuna mwingine mwenye homa kama hii?

SAA YA KWANZA, NA KABLA YA PIKIPIKI

Hapa ndipo tunapoteza watu. Tunashuku meninjite, tunaandika barua ya kumpeleka hospitali kuu, halafu tunakaa kutafuta pikipiki, mafuta na pesa. Saa 3 zinapita. Kwenye njia ya Kabambare wakati wa mvua, mnajua wenyewe. Mgonjwa anafika na barua nzuri bila dozi hata moja mwilini.

PCIME tuliyosoma wote inasema wazi: mtoto mwenye homa na shingo ngumu au dalili ya hatari anapewa dozi ya kwanza kabla ya kuondoka. Fuateni ordinogramu ya kituo chenu, na mpango wenyewe uko hivi.

Njia ya hewa kwanza: mlaze ubavu, safisha mdomo, usimpe kitu chochote cha kunywa kama hajaamka vizuri. Oksijeni kama ipo.

Degedege ikipita dakika 5, diazepamu kwa njia ya haja kubwa, 0.5 mg kwa kila kilo, kisha chunga pumzi yake.

Sukari: ikiwa chini ya 45 mg/dl, au kama huna kifaa na mtoto amezimia, mpe glukosi ya 10%, 5 ml kwa kilo kwenye mshipa. Huna G10? Mililita 10 za G50 ukichanganya na mililita 90 za G5 unapata karibu sawa nayo.

Antibiotiki: seftriaksoni kwa mtoto ni 100 mg kwa kilo. Hapa naomba msome mara mbili. Unga wa seftriaksoni uliochanganywa na lidokaini ni wa kudunga kwenye nyama tu. Ukiingia kwenye mshipa unaweza kuua. Na seftriaksoni isichanganywe na Ringer kwenye mrija mmoja, maana Ringer ina kalsiamu na vitu hivi viwili vinagandana. Kama ni kwenye nyama na dozi inapita gramu 1, gawa sehemu mbili.

Malaria nayo: artesunati ya sindano kama TDR ni chanya au haiwezekani kuifanya. Tunasema "pia", hatusemi "badala yake".

Kwenye barua ya kumhamisha andika saa ya kila dozi, Glasgow au Blantyre ya kuondokea, na idadi ya degedege. Mfundishe anayemsindikiza: uso wa mtoto uonekane muda wote, kichwa upande, usimfunike kanga usoni kwa sababu ya vumbi. Na mpigie simu mwenzako wa hospitali ili wamsubiri.

MAJI YA MGONGO: KAZI YA MUUGUZI NI KUBWA KULIKO TUNAVYODHANI

Ponksio ya mgongo inafanywa na daktari, lakini inafaulu au inashindwa kwa mikono ya muuguzi anayemshika mgonjwa. Alale ubavu, amejikunja kama mtoto tumboni, mabega na nyonga kwenye mstari mmoja. Kabla ya hapo mwambie daktari ukiona mboni za macho hazilingani, upande mmoja umelegea, mgonjwa yuko kwenye shoki, anatokwa damu, au ngozi ya pale ina kidonda. Hapo ponksio inasubiri, dawa haisubiri.

Angalia rangi ya maji: yawe safi kama maji ya chemchemi. Yakiwa kama maji ya mchele, hiyo ni bakteria mpaka ithibitishwe vingine. Andika tundu limechomwa saa ngapi, na antibiotiki ilitolewa kabla au baada. Chupa ya kuoteshea vijidudu usiiweke kwenye frigo. Tumezoea kuweka kila kitu kwenye baridi, lakini meningokoki inakufa na baridi na jibu linatoka hasi.

Familia nyingi kwetu zinakataa ponksio kwa sababu zimesikia "walimchoma mgongo akafa". Ukweli ni kwamba wengi waliokufa waliletwa wamechelewa sana. Tusiwafokee. Mkalishe mama, mwite kwa heshima, umwambie: "Mama, tunataka kuona ni dudu gani inakula mutoto, tupate dawa yake. Tutachukua matone kidogo tu, na utakaa karibu." Kama wanasema mtoto amerogwa, usianze mashindano. Waambie sala yao haizuii sindano, na sindano haizuii sala.

SIKU ZA WODI

Baada ya dozi ya kwanza, kinachomwokoa mgonjwa ni uangalizi wa kila saa. Kichwa cha kitanda kiinuliwe kiasi cha digrii 30, chumba kiwe kimya, mwanga mdogo, wageni wachache. Seftriaksoni itolewe kwa saa yake; dozi ya saa 2 usiku si ya asubuhi. Deksametazoni ni uamuzi wa daktari; akiiandika, ianze pamoja na dozi ya kwanza ya antibiotiki. Maji asinyimwe wala asifurikishwe: hesabu yanayoingia na mkojo unaotoka.

Asiye na fahamu anageuzwa kila saa 2, mdomo unasafishwa, macho yanafungwa na kulindwa yasikauke, chakula kinapita kwenye sonde ya pua. Haya mara nyingi tunawaachia walinzi wa mgonjwa. Tuwafundishe, sawa, lakini tusiwaachie.

Jueni alama za ubongo kubanwa: mapigo yanapungua, presha inapanda, pumzi inakuwa ya vipande, mboni moja inafunguka kuliko nyingine. Ukiona hivyo usisubiri ziara ya asubuhi. Inua kichwa, mpe oksijeni, mwite daktari wakati huo huo.

Mgonjwa anayeshukiwa meningokoki anatengwa saa 24 za kwanza tangu antibiotiki ianze, na sisi tunavaa maski tukimkaribia. Baada ya hapo hana tena hatari kwa wengine. Waambieni familia, maana nimeona mtoto aliyepona akikataliwa na watoto wa jirani.

KESI MOJA INAWEZA KUWA MLANGO

Mnakumbuka Banalia, pale Tshopo, mkoa tunaopakana nao kaskazini. Mlipuko ulitangazwa tarehe 7 Septemba 2021. Siku hiyo hesabu ilikuwa wagonjwa 261 walioshukiwa na vifo 129, karibu nusu. Ilikuwa meningokoki aina ya W. Baada ya timu, dawa na chanjo kufika, na watu wengi zaidi kutafutwa na kutibiwa mapema, sehemu ya wanaokufa ilishuka sana. Wale wa kwanza walikufa kabla ugonjwa haujapata jina.

Meningokoki inapita kwa mate na pumzi, pale watu wanapolala karibu karibu: internati, gereza, kambi ya wakimbizi, na vibanda vya wachimba dhahabu kama vya Salamabila na Namoya. Kwa hiyo kila kesi inayoshukiwa inatangazwa BCZ siku ile ile, hata kabla ya jibu la maabara. Kwa eneo lenye watu chini ya 30,000, kesi 2 ndani ya wiki 1 ni tahadhari, kesi 5 ni mlipuko. Orodhesha waliolala chumba kimoja na mgonjwa. Zoni ndiyo itaamua juu ya dawa ya kuwakinga. Nao reko wetu waelezwe alama kwa lugha ya nyumbani: "homa na shingo kukataa", "mtoto analia akibebwa".

Chanjo tusizisahau. Penta inakinga dhidi ya Haemophilus b, na PCV13 dhidi ya aina 13 za pneumokoki. Kila mtoto unayemkamata kwenye CPS akiwa amekosa dozi na ukamkamilishia, umemwondolea sehemu ya hatari hii.

KABLA YA KUMRUHUSU

Mtoto akitembea, akila, sisi tunafurahi na kumwandikia ruhusa. Subirini. Simama nyuma yake, piga makofi, mwite jina. Angalia kama anageuka. Angalia kama mguu mmoja unaburuta. Mwambie mama arudi baada ya wiki 4, na mwalimu wa shule ajulishwe. Uziwi ukijulikana mapema mtoto anaweza kusaidiwa kujifunza. Ukijulikana baada ya miaka 3 ataitwa mjinga na kupigwa bure.

Nimalizie na kitu cha kwetu. Miaka ya 1970 Kasongo ilijulikana duniani kwa mradi uliofanywa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji. Ulionyesha kwamba vituo vya afya vinavyoshikwa na wauguzi waliofundishwa vizuri, vikiungana na hospitali moja ya kupokea wagonjwa wazito, vinaweza kuhudumia watu wengi. Zoni za afya tunazofanyia kazi leo zina mizizi yake hapo. Maana yake, mfumo mzima ulijengwa juu ya muuguzi wa kwanza anayemwona mgonjwa. Yeye akiacha shingo bila kuigusa, hakuna mwingine mpaka hospitali kuu.

Yule mtoto wa miezi 10 sasa ni mkubwa. Mama yake bado ananisalimia tukikutana sokoni, bila kinyongo, na mimi kila mara nakumbuka ile sentensi yake ya mlangoni. Kesho asubuhi, mbele ya mtoto wa kwanza mwenye homa na TDR chanya, wekeni mkono kwenye utosi, inueni kichwa, muulizeni mama: "Ukimbeba, anatulia ao analia?" Halafu mtusimulie hapa mlichokiona, tujifunze pamoja.